Vijana Waliotaka Kulipia Nembo ya Kamari

Mimi hushona sare za shule na kuchapa jezi. Duka langu liko Kisumu, kando ya barabara itokayo Kibuye kwenda Kondele, na msimu nautambua kwa anayeingia mlangoni. Januari ni wazazi na orodha ndefu za sare. Agosti na Desemba, shule zikifungwa, ni vijana wa timu za mtaa, wamechangishana sarafu na noti za hamsini hamsini, wanataka jezi za mashindano. Nawapenda sana wateja hawa. Mzazi atakuambia tu "nishonee shati". Kijana wa miaka kumi na minne atakueleza shingo ikatwe vipi, namba iwe ya mwandiko gani, na mstari wa begani uwe na upana wa vidole vingapi.

Likizo moja ya Agosti waliingia vijana wa mtaa wa Manyatta, mkubwa wao yuko kidato cha tatu, wadogo wao gredi ya saba. Walitaka jezi za bluu, namba mgongoni na kwenye kaptura, jina la kila mchezaji juu ya namba yake, na kifuani nembo ya kampuni moja ya kamari. Nembo yenyewe walikuwa nayo kwenye simu, imeshakatwa vizuri, tayari kwa kuchapwa.

Nikamuuliza nahodha wao, "Hawa watu ndio wanawadhamini?"

"Hapana, mathe."

"Wamewanunulia hata mpira mmoja?"

"Hapana."

"Sasa jina lao linaingia kifuani kwenu kwa hisani gani?"

Akawatazama wenzake, kisha akanijibu kwa upole, jinsi unavyomweleza mtu mzima jambo ambalo angepaswa kulijua. "Mathe, bila hiyo kitu jezi inakaa uchi."

Nikawapigia hesabu. Kazi yangu hulipiwa kwa kila sehemu ninayochapa: kifua, mgongo, kaptura, na majina huongeza gharama kwa sababu kila jina linakatwa peke yake. Pesa walizokuja nazo hazikutosha. Wakatoka nje, wakasimama kwenye kivuli cha kibanda cha jirani wakinong'onezana, wakarudi na uamuzi: majina yao ya mgongoni yaondolewe. Nembo ibaki.

Vijana wasio na mdhamini walikuwa radhi kufuta majina waliyopewa nyumbani kwao ili walipie, kutoka mifukoni mwao, tangazo la kampuni isiyowajua, ambayo kisheria hairuhusiwi hata kuwapokea kama wateja. Umri wa kucheza kamari nchini Kenya ni miaka 18. Katika kundi lile lote hakuna aliyeufikia.

Nilipokea arbuni ya kitambaa nikawaambia warudi Ijumaa, tutazungumza juu ya kifua. Usiku ule sikulala vizuri.

Sisi wazazi tukiongea juu ya matangazo yasiyofaa, huwa tunafikiria njia moja tu: kijana ameona tangazo, ameshawishika, amekwenda kucheza. Kwa hiyo tunachunga simu, tunachunga laini ya M-Pesa, tunauliza pesa za nauli zimekwenda wapi. Wale vijana walinionyesha kitu kinachokuja kabla ya hapo, na ambacho hakina simu wala laini. Hakuna aliyekuwa akicheza kamari pale dukani kwangu. Walikuwa wanataka tu kufanana na wachezaji halisi, na katika macho yao mchezaji halisi ana kamari kifuani. Tangazo lilikuwa limeshamaliza kazi yake miaka mingi kabla hawajawa na shilingi ya kuweka.

Nilihesabu umri wao nikaelewa. Julai 2017 Everton ya Uingereza ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia yetu. Wayne Rooney alikuwa ndiyo kwanza amerudi Everton, na alifunga bao zuri la mbali. Jacques Tuyisenge akasawazisha. Everton wakashinda 2-1. Kisumu nzima ilitazama. Timu zote mbili, ya wazungu na ya kwetu, zilivaa kifuani jina la kampuni ileile ya kamari. Nahodha wangu wa Manyatta alikuwa mtoto wa miaka minane hivi. Kwake ile haikuwa biashara. Ilikuwa ndiyo sura ya mpira, na siku ile mpira wa dunia na mpira wa nyumbani ulikuwa na sura moja.

Huko Uingereza kwenyewe wameanza kulitafakari jambo hili. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu zilikubaliana kuondoa kampuni za kamari mbele ya jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Na hata kabla ya hapo, jezi za saizi za watoto zinazouzwa huko hazikuwa na nembo hizo. Mtoto wa mji wa Liverpool, nyumbani kwa Everton, alivaa jezi ya klabu hiyo bila kamari kifuani. Nenda sasa soko la Kibuye siku ya Jumapili, kwenye marundo ya jezi, ulizia saizi ya mtoto wa miaka sita. Nimeshika kwa mkono wangu jezi ndogo kiasi cha kumtosha mtoto ambaye bado hajui kusoma, na nembo imejaa kutoka kwapa hadi kwapa. Huwa nazigeuza kuangalia mshono, maana ni kazi yangu, na nyingi zimechapwa vibaya, zinabanduka baada ya kufuliwa mara chache. Lakini nembo ya kamari ndiyo huwa imechapwa kwa makini kuliko namba.

Kuna jambo jingine lililonijia usiku ule, nalo ndilo lililonipa nguvu. Mwaka 2007 Kenya ilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, ikapiga marufuku matangazo ya sigara na udhamini wake. Mimi ni mtu mzima, nakumbuka mabango ya sigara yalivyokuwa na wanaume wa kuvutia. Hawa vijana hawajayaona kamwe. Na katika miaka yote ya kuchapa jezi, hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuniomba nimwekee sigara kifuani. Si kwamba wao ni wema kuliko sisi, na wengine wao huenda wanavuta kwa kujificha. Ni kwamba hakuna aliyewafundisha kuiona sigara kama pambo la mtu aliyefaulu. Mtu akiniambia matangazo hayana nguvu hiyo, kwamba kijana ataharibika tu akitaka kuharibika, humpa mfano huu, na bado sijapata aliyenijibu.

Ijumaa ilipofika alikuja kwanza kipa, peke yake, mapema. Ni kijana mkimya, mikono mirefu. Nilimpa kazi ya kunisaidia: nilikuwa nimekata namba za timu nyingine, na vinili, ile plastiki ya kubandika kwenye nguo, ikishakatwa lazima ung'oe mabaki kwa kisu chembamba, polepole, ubakize namba tu. Kazi hiyo hulegeza ulimi, macho yako chini na vidole vina shughuli. Akaniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba kaka yake alikuwa chuo cha ufundi na sasa yuko nyumbani. Alikuwa amepewa karo, akaiweka kwenye ule mchezo wa kindege. Alikuwa ameona kwenye Telegram tangazo la watu wanaouza programu inayotabiri ndege itatoweka lini. Akailipia hiyo programu kwanza, kisha akacheza.

Nikamweleza ninavyoujua mchezo ule, kwa sababu nimelazimika kujifunza. Namba inapanda, moja, moja na nusu, mbili, tatu, na wewe unatakiwa kutoa pesa zako kabla ndege haijaondoka. Lakini mahali itakapoondokea hupangwa na kompyuta kabla haijaruka, bila mpangilio wa kubahatisha kwa macho. Hakuna programu ya mtu wa Telegram inayoweza kuona ndani yake. Anayekuuzia utabiri anakula pesa ya utabiri, na mara nyingi anakula na kamisheni kwa kukupeleka ujiandikishe kwa kiungo chake. Zile picha za salio nono anazoonyesha, yeyote anaweza kuzitengeneza kwa simu.

Kipa akasikiliza, akaendelea kung'oa vinili. Nikamuuliza, "Na wewe, mwanangu, baada ya hayo ya kaka yako bado unataka hiyo nembo?"

Akasema, "Mathe, ile ni kamari ya kaka. Hii ni jezi."

Hakuwa mkaidi. Alimaanisha. Hasara iliyokuwa imeingia nyumbani kwao, mama yake akilia, kaka yake akishinda kitandani, na nembo aliyotaka kifuani, vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa katika akili yake. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba kuwaonya vijana kunatosha. Yeye alikuwa ameonywa na maisha yenyewe, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Wengine walipofika nikawaambia msimamo wangu: kwa jezi za watoto wa shule sitachapa kamari, pombe wala sigara, hata wakilipa mara mbili. Lakini kifua hakitabaki kitupu. Wanitafutie jina la mtu aliyewahi kuipa timu yao kitu chochote, hata maji, nami nitalichapa bure, na majina yao ya mgongoni yarudi.

Walinuna. Mmoja alisema tutachekwa. Kisha wakaanza kubishana, na ubishi ule ulinifurahisha kuliko kitu chochote cha mwaka ule. Kumbe kulikuwa na watu! Fundi wa pancha anayewajazia mpira upepo bila malipo. Mzee mmoja, jaduong' wa karibu na uwanja, anayewawekea magoli uani kwake yasiibiwe. Na mama anayeuza nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, jioni kando ya njia, ambaye wakitoka mazoezini huwapa sahani moja ya ziada kwa kila sahani tatu wanazonunua, na asiye na pesa hula pia. Mama nyoyo akashinda kura. Nikachora sahani, mahindi na maharagwe juu yake, na maandishi NYOYO MANYATTA.

Niliwaacha watazame nikibana ya kwanza. Vinili hukatwa ikiwa kinyume, herufi zimegeuka kama kwenye kioo, kwa hiyo kabla ya kubana huwezi kuisoma. Unailaza juu ya kitambaa, unashusha mashine ikiwa na joto la nyuzi 150 hivi, si zaidi, maana polista huungua haraka, unahesabu hadi kumi na tano, unainua, unasubiri ipoe kidogo, halafu unabandua plastiki ya juu. Nilipobandua, wakaisoma pamoja kwa sauti. Nahodha akaichukua ikiwa bado moto, akaivaa juu ya shati.

Wawili hawakuridhika. Walikwenda kwa fundi mwingine mjini wakachapisha nembo ya kamari kwenye mkono wa jezi. Niliiona uwanjani. Na kweli walichekwa: timu ya Obunga iliwaita "nyoyo, nyoyo" mechi nzima. Walitolewa nusu fainali kwa penalti.

Baada ya mashindano nilitembelewa na baba wa mmoja wao. Alikuwa na hasira ya mtu aliyejizuia njia nzima. Akaniambia, "Mama, mimi ndiye mzazi. Wewe ni fundi. Kwa nini unamchagulia mwanangu cha kuvaa? Lile ni jina tu."

Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Baba, nakuheshimu, na mtoto ni wako. Lakini kama ni jina tu, mbona wanalipa mamilioni liwekwe pale?"

Akanyamaza kidogo, akasema yeye mwenyewe hucheza mara mojamoja, mkeka mdogo wa kubashiri mechi, na hajafilisika. Nikamwambia hiyo ni haki yake, ni mtu mzima, mshahara ni wake. Niliyezungumza juu yake ni wa miaka kumi na tano. Hatukukubaliana, ila tuliagana vizuri. Wiki chache baadaye aliniletea sare ya binti yake ipunguzwe, na hakuligusia tena jambo lile.

Binti nao hawajaachwa. Wao tangazo haliwajii kwa jezi, linawajia kwa ngozi. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuwa akifuata kwenye simu ukurasa wa msichana anayeuza krimu za kung'arisha, chupa zisizo na lebo ya maana, picha ya "kabla" na ya "baada". Shirika la viwango nchini linakataza haidrokwinoni na zebaki katika vipodozi, na yule muuzaji hakuwa ameandika popote kilichomo. Nilimwonyesha mpwa wangu jambo dogo tu: kwamba picha ya kabla imepigwa kivulini na ya baada imepigwa karibu na dirisha, shati ni lilelile na hereni ni zilezile. Akaangalia kwa muda mrefu. Yeye hushinda na mimi kupiga picha za nguo za duka, anajua dirisha linavyofanya. Kilichomsaidia ni ujuzi aliokuwa nao tayari. Hotuba yangu ya urembo wa Mwafrika alikuwa ameshaisikia.

Sheria tunazo, na zina maneno mazuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinataka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya ukweli na yenye staha. Sheria ya vileo ya mwaka huohuo, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, inakataza baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shule. Mwaka 2019 bodi ya kamari ilipiga marufuku mabango ya kamari barabarani na watu maarufu kuitangaza. Watu wakaenda mahakamani, agizo likasimamishwa. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo tukapata sheria mpya ya kamari mahali pa ile ya 1966. Haya yote nayashukuru. Lakini baa ina mita 300, jezi haina mita. Inaingia uwanja wa shule ikiwa mwilini mwa mtoto, na mwalimu wa zamu hawezi kuisimamisha langoni.

Vivyo hivyo kwa runinga. Vituo vyetu vimewekewa muda wa familia, saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, ambao vitu vya watu wazima havitakiwi kuonyeshwa. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza kwa saa zetu saa nne au saa tano usiku, na wavulana wote wa mtaa wako kwenye kibanda cha mpira. Na Jumamosi jioni, ndani kabisa ya muda wa familia, mechi za Uingereza zinaonyeshwa na mabango ya kamari yanazunguka uwanja mzima kwa dakika tisini. Hilo halihesabiwi kuwa tangazo. Ni mpira.

Ninachokiomba, na nimeanza kukisema kila penye kikao cha maoni ya wananchi, ni kidogo na kinawezekana. Mabango ya nje, kwa mujibu wa Katiba, ni kazi ya serikali za kaunti. Si lazima tusubiri Nairobi. Kaunti inaweza kuamua ni nini hakitawekwa kwenye njia za watoto kwenda shule. Na saizi za watoto, iwe ni jezi mpya inayoshonwa hapa au inayoingizwa kutoka nje, ziachwe bila nembo za kamari na pombe. Mafundi wenzangu wachache wa Kibuye wamekubali. Wengine wameniambia waziwazi kwamba wakikataa mteja atavuka barabara, na siwezi kuwalaumu, maana mimi mwenyewe nimewaona wangu wakivuka. Timu mbili za Nyalenda hazijarudi kwangu tangu wakati ule. Imekuja moja ya Mamboleo, inataka jina la chama cha bodaboda ambacho huwabeba wachezaji wake bure siku za mechi.

Bado kuna jambo linalonisumbua kwenye meza ya kukatia. Jezi za watu wazima nachapa wanachotaka, nimeshasema ni haki yao. Lakini vijana wa huku ni warefu. Wa kidato cha pili anavaa saizi ya baba yake, na timu nyingi huchanganya wa miaka kumi na sita na wa miaka ishirini na mbili. Mwanzoni nilikuwa naamua kwa saizi ya jezi. Siku hizi nauliza kidato kwanza, halafu ndiyo napima kifua.